Pazia

Macho hayana pazia, husemwa,
basi serikali ikaniajiri mimi niwe pazia.
Ghorofa ya tatu, Tampere, chumba kisicho na dirisha:
viti viwili, skrini moja, birika la kahawa
ambalo Raimo hulisahau likiwaka.

Kazi yenyewe ni kuhesabu.
Damu: sekunde nne, dakika ya kumi na tisa.
Matusi: mawili, moja limemezwa na honi ya lori.
Kisu kipo, lakini kinakata mkate.
Nikimaliza naandika namba,
saba, kumi na mbili, kumi na sita,
na jioni watoto wanapangwa milangoni
kama viatu, kwa ukubwa.

Raimo, miaka ishirini na sita kwenye kiti kile,
ameona maiti wengi kuliko daktari wa jeshi
na bado hufumba macho mbwa akipigwa.
"Watu najua wanainuka, wanaoshwa rangi, wanakwenda kula.
Mbwa hajui kama anaigiza."

Wazazi hupiga simu.
Mama wa Kokkola: umemharibu binti yangu, usingizi hauji.
Baba mwingine, asubuhi hiyohiyo: sinema ya bata
mmeipa kumi na mbili, mnataka tuwalee kama mayai?
Wote nawajibu kwa upole na kifungu cha sheria.
Mtoto akililia wembe, mpe:
aliyesema hivyo hakuwahi kupokea simu za Jumatatu.

Februari nilipitisha filamu ya mbwa mwitu.
Msichana, msitu, meno kama reki.
Dakika ya arobaini na moja niliirudia mara tano,
nikapima kivuli, nikapima ukelele,
nikaandika saba.
Mdogo zaidi anaruhusiwa, mtu mzima akiwa naye.
Basi Jumamosi nikampeleka Oiva, miaka sita kasoro mwezi,
nikamshika mkono wa kushoto;
wa kulia ulikuwa ndani ya bisi.

Mbwa mwitu alikuja. Oiva akatafuna.
Meno yakajaa ukumbi, mtoto nyuma yetu akaangua kilio,
Oiva akauliza kama mbwa mwitu hupiga mswaki.
Nikajisifu kimoyomoyo: namba yangu imekaa.

Kisha kikaja kipande ambacho sikukirudia hata mara moja.
Mama wa yule msichana anaandaa meza.
Mabakuli matatu. Anayatazama.
Moja analirudisha kabatini.
Hakuna muziki. Sekunde sita, labda saba.
Bisi zikanyamaza.
Mkono mdogo ukanikamata kidole gumba
kama mtu ashikavyo nguzo ya tramu ikikata kona.

Njiani hakusema kitu hadi kituo cha tatu.
"Baba yake naye kahamia Oulu?"
Nikasema filamu haikueleza.
"Imeeleza," akasema. "Pale kwenye bakuli."

Jumatatu nilimsimulia Raimo. Akaichukua fomu,
akaisoma mbele, akaigeuza nyuma,
vurugu, hofu, ngono, mihadarati,
akatikisa kichwa: "Bakuli hamna humu."
Kisha, birika likitokota peke yake:
"Na ukiliongeza, atabaki nani wa kutazama?"

Usiku nilivuta pazia la chumba cha Oiva.
"Liache. Gari likija nilione."
Mtaa wetu ndio mwisho wa barabara;
haupiti gari usiku ila la kusukuma theluji.
Nikaliacha.
Saa tano lilipita. Taa zake za chungwa
zikazunguka dari, zikashuka ukutani,
zikamkuta usoni, macho wazi,
na mimi mlangoni nikihesabu sekunde.