Maelekezo Kabla ya Kupanda

Chomekeni suruali ndani ya soksi.
Sitanii. Utitiri wa huku hauonekani kwa macho,
huonekana usiku, kwa kucha,
na wiki nzima mtajikuna mkinitaja jina.
Jina lenyewe ni Syultje. Rumondor ni la baba,
na baba tutamkuta mbele, msiwe na haraka.

Mlima huu ni volkano. Kila mgeni huniuliza:
umelala? Nami hujibu: kama marehemu mume wangu,
alilala fofofo, lakini gusa mfuko wake uone.
Mkihisi ardhi imejigeuza kidogo,
simameni tu.
Msishike henzerani. Miiba yake
inajua kuingia, kutoka haijafundishwa.

Yaki wakija, wale weusi wenye vishungi,
fungeni zipu za mikoba.
Mwaka juzi walimpora bwana mmoja wa Utrecht
vidonge vyake vya shinikizo la damu,
wakavigawana kwa haki kuliko serikali,
wakashinda juu ya mti, kimya,
kama watu wanaongoja mahubiri yaishe.

Mkisikia treni angani, huku kwetu hakuna treni.
Ni hondohondo anapiga mabawa.
Tazameni juu, lakini kwanza simameni:
aliyetazama juu huku anatembea
tulimshusha kwa machela.

Tangkasi tutamwona jioni, tukirudi,
ndani ya mkuyu uliokula mti mwenzake ukabaki tupu katikati.
Ni ngumi moja ya manyoya. Jicho lake moja
ni kubwa kuliko ubongo wake,
na halizunguki; akitaka kukuona
hugeuza kichwa chote hadi mgongoni.
Msimmulike usoni. Tochi zenu kwake ni kofi.

Sasa, kule juu.
Kuna uwanda ambapo mvuke hutoka chini
na udongo una joto la mkate wa asubuhi.
Hapo mtavua viatu mkitaka. Mimi huvua.
Hapo ndipo maleo hushuka na mumewe,
wakachimba kwa zamu, wakarushiana mchanga usoni,
akataga yai moja, kubwa mara tano ya la kuku,
wakalifukia, wakachimba na mashimo ya uongo kando,
wakaondoka.
Hawarudi. Kulea wameuachia mlima.

Baba alijua shimo la kweli na la uongo.
Alichoma fimbo, akaivuta, akainusa ncha.
Mayai yalikwenda kwenye harusi, yalikwenda kwa wakubwa,
yamefungwa moja moja kwa majani, kama zawadi.
Ada yangu ya shule ilikuwa mayai mia moja na arobaini na mawili.
Nimehesabu.
Kwa hiyo mkinisikia nawatajia ndege kwa Kilatini,
jueni kila neno lililipiwa
na kifaranga ambaye hakuruka.

Wasemao husema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.
Na huyu aliyelelewa na moto?
Hupanda mchangani siku mbili, chali, akipiga teke giza,
hutoka, hupangusa macho,
na papo hapo huruka.
Hamwamkii mtu. Hana wa kumwamkia.
Mwanangu yuko Morowali, kiwanda cha nikeli.
Simu yake ina chaji, najua.

Lenzi zenu zitaingia ukungu. Zitaingia tu,
msizifute kwa shati, mtazidisha.
Ndege mkubwa akiwa uwandani tutalala kifudifudi
hata kama ni saa nzima, hata kama ni mvua.

Fimbo hii niliyoshika ni yake baba.
Nikiichoma, nikainusa, nikanyamaza,
msiniulize kitu.
Nitafukia palepale, nitakanyaga taratibu,
nitaandika namba kwenye daftari,
halafu tutaendelea.

Mwenye maji mengi apite mbele.
Nyuma yangu, sio kando yangu.
Kando kuna mashimo.