Kishimo cha Nane

Chuo chetu kina wanafunzi kumi na mmoja,
darubini tatu, moja jicho lake limeota ukungu,
na friza tunayoilea kama mtoto wa homa:
stima ikipotea Malindi nzima
sisi hukimbilia jenereta kabla ya viatu.

Nilikuja kusoma uhai ulivyo mdogo.
Nikapewa kuosha chupa.
Mwezi mzima, chupa. Daktari Kahindi si wa mengi:
"Anayekimbilia jibu hajajua kunawa."

Kisha akanipa majani ya muhogo wa nyanyake Nyevu,
kutoka Ganda, shamba lililobaki kijani
batobato ilipokula ya majirani.
"Itafute jeni." Basi nikasaga, nikachuja,
nikamimina spiriti baridi, na ule utando
ukapanda mweupe kama ute wa yai,
maneno yote ya jani
kwenye ncha ya kijiti.

Nikautia katika mashine ya kuzidisha:
moto, baridi, vuguvugu, mara thelathini na tano,
moja huwa mbili, mbili huwa nne,
nami nahesabu kwa vidole
kama anayecheza bao peke yake.
Asubuhi, taa ya zambarau. Vishimo saba vya majani:
giza. Wiki ya pili, giza.
Wiki ya tisa Nyevu akaacha kuniuliza.

Ijumaa ile mstari ukawaka.
Mnono, mnyoofu. Kishimo cha nane.

Cha nane ni maji matupu.
Huyaweka pale yawe shahidi
kwamba hatukujidanganya.

"Shahidi kasema," akasema Kahindi. "Jana uligusa nini?"
Nikaitazama mikono yangu.
Jana, Maweni, nilimenya muhogo beseni mbili,
mama akauze wa kukaanga, na pilipili na ndimu.
Nilinawa.
Nilidhani nilinawa.

Akazifuta wiki tisa kwa wino mwekundu.
Halafu kalamu ikasita.
"Mamako hununua wapi muhogo?"

Jumatatu nilichelewa kutoka, napekua jalala.
Mama kasimama mlangoni, mwiko mkononi.
"Maganda ya nini?"
"Ya shule."
Akanitazama toka utosi hadi ukucha,
akaihesabu kimoyomoyo kila karo aliyolipa.
"Miaka yote hii," akasema,
"ningewapelekea gunia."