Utenzi wa Bila kwa Bila

Siku ile Jumamosi,
moshi mzito mweusi,
barafu hata kamasi,
nilitumwa nao njiwa.

Walikuwa njiwa sita,
kapu kubwa kunipita,
wakiguna, wakiteta
kama walodhulumiwa.

Baba kanifunza kwa dhati:
"Tukifunga, samawati;
wakifunga, kwa bahati,
mwekundu wa kuzomewa.

Utepe ukishafunga,
mwachilie kwenye anga,
wala hatatangatanga,
hapa atapokelewa."

Baba hakuweza kwenda,
makaa yalimponda,
pumzi zikimpanda,
kifua kisicho hewa.

Alilazwa dirishani,
jicho lake li angani,
saa yake mkononi,
chai yake ikipowa.

Uwanja wetu wa Torrie,
tope lake la hatari,
wachimbaji kwa fahari
na kofia zilolowa.

Balgarrie walipofika,
treni iliwatapika;
kipa wao kama shoka,
pua imepotolewa.

Filimbi ilipolia,
moyo ulinikimbia,
utepe nikashikia,
ule wa kushangiliwa.

Mpira ulilowana,
ukawa jiwe bayana,
kichwani ukigongana
fahamu huondolewa.

Petrie, winga mwenye mbio,
kawaacha na kilio,
shuti likaenda sio,
jaa la mgodi kupewa.

Geddie akaruka juu,
kwa kichwa, sio mguu,
mwamba ukatoa "puu!"
na roho zikatolewa.

Nishamshika wa kwanza,
utepe nimeuanza,
umati ukanifunza
kwamba tumenyang'anyiwa.

Moyo wake kiganjani
ukidunda kama nini,
akarejea kapuni,
safari imezuiwa.

Nusu ya kwanza kuisha,
jirani alinilisha
pai ya moto, yatosha,
mafuta hadi kulowa.

Kauliza: "Wa kupika?"
Kapu nikalifunika,
nikajibu nikicheka:
"Ni wa habari kupewa."

Kipindi cha pili, mawe
ya mvua, kila mwenyewe
kajikunja kama mwewe
ambaye mbawa zalowa.

Rennie, mwokaji mikate,
viganja kavipa mate,
kaudaka, wasipate
hata cha kusimuliwa.

Giza tangu saa kumi;
mpira ni wa usemi;
vidole haviniumi,
kwa ganzi vimeuliwa.

Filimbi ya mwisho. Basi.
Si shangwe wala matusi,
miguu kasi kwa kasi,
nyumbani kukimbiliwa.

"Sare tasa," waliita,
tumbo lisilokamata;
tisini nzima za vita,
mtoto hakuzaliwa.

Maili mbili kwa tope,
kapuni na zile tepe;
nini leo nikampe
yule wa kungoja njiwa?

Kusukuma tu mlango,
kaketi, kanyosha shingo,
kasema, si kwa maringo:
"Bila kwa bila. Ni sawa?

Effie, mechi nimeona
angani, tangu mchana:
hapana, kisha hapana,
hata kivuli cha mbawa.

Mara mbili nilidhani
pale juu dohanini...
kumbe kunguru jirani,
naye pia kachelewa!"

Nikamwigizia "puu!"
Kacheka, kifua juu,
kakohoa kwa nafuu:
"Hivyo tumenyang'anyiwa!"

Dirisha likaachia,
sita wakajirukia,
bila tepe kuwatia,
pasi habari kupewa.

Wakazunguka mapaa
mara mbili, penye taa,
wakarudi, wakakaa
pale pale, sawa sawa.