Nyuzi Kumi na Tisa Chini ya Sifuri

Kipimajoto cha dirishani kinasema kumi na tisa, chini ya sifuri,
na Kauko yuko nje tayari,
anagongesha viatu vyake vya misumari
kwenye ngazi yangu, kama mdai.
Hasemi habari. Mwaka wa tatu huu hasemi habari,
tangu tuliuze nyumba ya mama kule Paltamo
nami nikatia saini kabla hajafika.

Lakini Jumamosi ni Jumamosi.

Visahani vyangu vitano vimelala karibu na jiko.
Sasa nimevipanga ndani ya koti, juu ya tumbo,
kama kuku aliyechelewa kuatamia.
Kile chekundu, ambacho Julai hulegea kiganjani
mithili ya chapati ya maji,
ukikiacha nje dakika kumi kinakuwa kigae.
Kikigonga msonobari kinapasuka,
na mlio wake ni wa sahani ya harusi.

Njia ya kwanza inateremka hadi ziwani.
Jukwaa la kurushia limefagiliwa
(alikuja jana usiku na ufagio, najua, hatakubali)
na bado kuna barafu chini, nyembamba, yenye hila,
inayongoja mguu katikati ya mzunguko.
Kwa hiyo hatukimbii. Tunasimama kama nguzo,
tunarusha kwa bega tu, na kiuno kinachonung'unika.
Hewa ya leo nzito. Kisahani kinaingia humo
kama kijiko kwenye uji uliolala,
kinainamia kushoto mapema, kinachoka,
na mita themanini za kiangazi
zinakuwa hamsini na tano.

Glavu naivua kila zamu. Lazima:
bila ngozi huwezi kujua ukingo unaondoka lini.
Kufika njia ya sita vidole si vyangu tena.
Nimekiachilia chekundu, au kimeniachilia, sikuhisi.
Kimekwenda pembeni, kimechoma theluji,
kimeacha mwanya kama tundu la kutia barua,
na chini ya mwanya, hamna kitu.

Huwa tunabandika utepe mgongoni mwa kila kisahani,
mita nzima, ili mkia ubaki juu kikizama.
Wangu umebanduka.
Gundi nayo haipendi baridi.

Tunatafuta. Yeye kwa reki, mimi kwa miguu.
Wanaosema damu nzito kuliko maji
hawajayaona maji ya huku mwezi wa Januari:
hapo ziwani gari la posta linapita, limejaa.

Saa nane unusu mchana jua linazama nyuma ya ghala la mbao.
Kauko anachomeka reki kwenye theluji,
anavua glavu ya kulia kwa meno,
anatoa kile kimfuko cha unga wa chuma
kinachojitia joto ukikitikisa,
anakiweka kiganjani mwangu
na kuvikunja vidole vyangu juu yake, kimoja kimoja,
kwa hasira kidogo.
Hasemi.
Kisahani tunakiachia mwezi wa Mei.

Njia ya kumi na mbili, tochi vichwani.
Minyororo ya kikapu imeshikana, shada moja la chuma;
rusha hapo sasa, kitu kinadunda na kukurudia.
Naipiga kwa fimbo. Barafu inamwagika,
vyuma vinaachana vikilia,
sauti nyembamba, ya droo inayovutwa haraka.

"Vijiko," anasema Kauko.

Nasimama na fimbo yangu.
Vijiko vya mama, kumi na viwili, vya fedha.
Hakuviulizia siku ile, wala mimi sikumwambia.
"Ninavyo," nasema. "Viko vyote."

Mvuke wa kinywa chake unapanda, unakaa mbele ya tochi,
simwoni uso.
Anarusha. Mita nne, rusho la kitoto,
na kisahani kinapita kando ya kikapu
kikiteleza juu ya ganda la theluji, mbali, mbali zaidi.

"Baridi," anasema.

"Baridi," nasema,
nami narusha, nami nakosa.