Kijiko

Tartu, Februari. Theluji imeziba dirisha la chini.
Gennadi, aliyekuwa mchimba migodi,
miaka kumi na mmoja hajagusa unga,
amelala ndani ya mtambo unaogonga kama fundi bati.

Tunamwonyesha picha: kiatu. Jani. Kijiko.
Kwenye kijiko, chini kabisa ya ubongo wake,
padogo kama kunde,
panawaka kabla mwenyewe hajajua ameona nini.

"Nimewaza supu," anasema akivaa soksi.
Simbishii. Ulimi wake haudanganyi;
haukualikwa tu kwenye kikao kile.

Katika ripoti nimeandika: kumbukumbu haifi, hujikunyata.
Sijaandika kwamba tangu siku ile
akija navificha vijiko vyote droo ya chini,
namkorogea chai kwa penseli.

Leo ameitazama penseli, akanitazama na mimi.
"Maarika, mie si bomu. Lete kijiko."

Nimeleta.
Amekoroga taratibu, sukari mbili,
chuma kikigonga glasi, ti, ti, ti,
mkono ukitetemeka kidogo,
au ni wangu.

Chumba cha pili mtambo umezimwa.
Hakuna aliyepima.