Kijani Kumi na Moja

Aikande, nimefungua faili lako:
kijani kumi na moja
kwa duka moja la mbolea Moshi mjini,
na vitufe vinne, kila kimoja na kona zake.

Mvua ikikatika, shuka Mbuyuni kwa fundi Ndelilio.
Ana kipande cha mbao
alichokata mwaka aliofungua karakana.
Kila mguu wa kiti hupimwa hapo.
Ukivunjika, huchonga mwingine usiku huohuo
bila kumuuliza mtu.

Basi chagua kijani kimoja.
Kipe jina, si "kipya cha mwisho kabisa",
jina ambalo hata mgeni wa kesho atalielewa.
Nafasi: nane, kumi na sita. Fonti moja.

Kingine kitakuja chenyewe, kikihitajika.

Sikucheki.
Mimi nilianza na kumi na tisa.