Mistari ya Kimo

Saa kumi na mbili kasoro, lango la msitu wa Ngong Road.
Askari anaandika majina kwa kalamu inayokataa,
anaipulizia pumzi, anaijaribu kiganjani.
"Ni nyinyi wawili tu?"
Wawili tu. Mimi na Kerubo wa kaunta,
yeye na goti lake, mimi na ramani yangu.
Miaka ishirini na miwili karani wa ramani
na sijawahi kupanda kilima hata kimoja
katika vyote nilivyovikunja nikavitia mtotoni.

Ndani, giza bado ni la chini ya kitanda.
Mihugu inanukia kama kasha la bibi,
umande unatupanda suruali hadi magotini
bila hodi.
Mbega mmoja ametuinamia kutoka juu,
shuka lake jeupe likining'inia,
kama mtu aliyeamshwa na wageni wa alfajiri.
Kerubo anamwamkia: shikamoo.
Mbega haitikii.
"Huyu ni bosi," anasema Kerubo, tunaendelea.

Kwenye ramani msitu huu ni rangi ya kijani, basi.
Hamna alama ya utelezi,
hamna alama ya siafu,
wala ya kijito alichokivuka Kerubo akiwa amekaa,
jiwe hadi jiwe, kwa makalio, akijicheka.

Kisha ukuta.
Mawe ya kuchonga, seng'enge juu, mbwa asiyeonekana.
Natazama karatasi, natazama ukuta.
Karatasi inasema miti.
Nakumbuka faili ya rangi ya udongo,
nakumbuka kifutio,
namkumbuka bwana mmoja mwenye saa nzito
aliyeniuliza watoto hawajambo,
na karo je, imelipwa?
Muhuri ulikuwa mkononi mwangu.
Wino ulikuwa mbichi.
Tunauzunguka ukuta dakika arubaini
na Kerubo, ambaye huongea hata na mashine ya risiti,
haniulizi kwa nini nimenyamaza.

Oloolua. Jua. Barabara ya murramu.
Ngong mjini tunanunua ndizi na kibandiko cha goti.
Chini ya vilima tunapewa mlinzi, Lemayian,
anayepanda akiongea kwa simu juu ya bei ya fahali,
hatweti, hakohoi,
huku mimi nikitafuta hewa kama aliyepoteza funguo.

Mistari ya kimo, huwaambia vijana wa mafunzo, ni rahisi:
ikikaribiana, mteremko ni mkali.
Nimelisema hilo nimekaa, chai mezani.
Leo mstari mmoja umeniingia shavu la mguu wa kulia,
wa pili umenikaba,
wa tatu nimeupanda kwa mikono minne,
miwili yangu, miwili ya Kerubo akinisukuma.
Juu mitambo ya upepo inakata hewa, vuu, vuu,
na nyasi zote zimelala upande mmoja
kama watu waliokwisha kukubali.

Kilele cha pili goti linagoma.
Tunakaa. Mayai ya kuchemsha, viazi vitamu,
chumvi ndani ya kipande cha gazeti.
Kushoto, Bonde la Ufa limejaa ukungu wa joto.
Kulia, Nairobi nzima inaenea chini ya kidole gumba;
nimekiinua, nimeifunika, nimekiondoa.
Bado ipo. Na ukuta bado upo humo,
siuoni, lakini najua ulipo kuliko yeyote.

Nikaomba kalamu.
Lemayian alikuwa nayo, ya kuandikia hesabu za ng'ombe.
Nikakunjua ramani juu ya paja, upepo ukiipigania,
Kerubo akaushika ukingo mmoja,
nami nikauchora ukuta mahali pake,
mstari mnene, uliopinda kwa kutetemeka.
Kando yake nikaandika tarehe ya muhuri wangu.
Na jina langu, lote.

Kerubo akasoma. Akatafuna. Akasema:
"Umedondosha chumvi kwenye Karen."
Nikaiacha.
Jumatatu itafika mezani kwa mkuu hivyo hivyo.

Vilele viwili vilibaki, hatukuvipanda.
Tulishuka kwa njia tuliyojia, mkono wake begani mwangu,
Lemayian mbele, fahali wake bado hajauzika,
na kila baada ya hatua kumi Kerubo akisema ngoja,
nami nikingoja.